Historia: Alama zinazobaki na alama zinazoliwa na mvua



Kwa kawaida ukurasa huu unabeba habari za sanduku la akiba, za wagonjwa tuliowatembelea na za mbegu zilizofika au zisizofika. Safari hii komite imetuomba sisi tunaosikiliza matata ya mashamba na parsele tuandike habari ya kale. Wengine watauliza: sasa mambo ya miaka elfu na elfu yanatusaidia nini sisi tuliorudi juzi? Tuvumiliane kidogo. Habari yenyewe imeanzia kwenye shimo, tena shimo ambalo wengi wenu mnalijua, juu ya mnapita kando yake kila siku ya soko.

Kwa Kiswahili cha vitabu wanasema mmomonyoko wa udongo. Hapa kwetu kila mtu anasema erozio, na akisema "erozio imetoka" hataki kusema udongo unaondoka polepole. Anataka kusema shimo lenyewe, lile linalofunguka usiku mmoja wa mvua, na asubuhi njia haipitiki. Hii yetu ilitoka chini ya kilima ikakata parsele moja katikati. Na parsele hiyo ilikuwa na kesi. Mama mmoja aliyerudi toka kambi ya Nyarugusu alisema ni ya marehemu mume wake. Familia inayokaa pale ilikuja wakati wa vita ikikimbia milimani, ikakuta pori, ikalima, ikazaa watoto pale, na watoto hao nao wameshazaa. Hakuna upande wenye dokima. Mama alikuwa anarudia tu kwamba nyumba yao ilikuwa karibu na michikichi mitatu. Michikichi haiko tena. Mashahidi wake wawili walikufa ng'ambo ya ziwa. Tulikaa na kesi hiyo misimu mitatu, na tunakiri kwamba wengine kati yetu walianza kumchoka.

Siku mbili baada ya mvua tulishuka ndani ya shimo pamoja na watu wa pande zote mbili. Kwenye ukuta wa shimo, chini ya udongo mweusi wa shamba, kina cha goti hivi, kulikuwa na mstari mwekundu wenye urefu wa hatua sita au saba. Ulikuwa ni udongo wa ukuta wa nyumba, umeiva kwa moto kama tofali, na ndani yake unaona alama za matete na za kamba zilizoyafunga. Chini yake majivu na makaa. Mwishoni mafiga matatu, bado yamekaa namna yalivyopangwa. Na kando ya mafiga, gurudumu la mashini ya kushona, limeliwa na kutu. Mama hakulia. Alisema tu: "Si niliwaambia? Bwana yangu alikuwa mushonaji."

Tulirudi nyumbani tukiwa na swali. Katika kijiji kile kulikuwa na nyumba nyingi kabla ya 1996. Karibu zote hazina hata alama. Kwa nini hii imebaki? Mmoja wetu aliyewahi kufundisha jeografia alianza kutueleza, na maelezo yake yalitupeleka mbali kuliko tulivyotegemea.

Yalianzia mwezini. Anayeutazama mwezi kwa darubini hata ndogo anaona umejaa mashimo ya duara. Yalichimbwa na mawe makubwa yaliyoanguka toka angani, na mengine yana zaidi ya miaka bilioni 3 na kingo zake bado zimesimama. Kule hakuna mvua, hakuna mto, hakuna mzizi wala jembe. Dunia yetu ilipigwa vilevile, tena zaidi kwa sababu ni kubwa, lakini mashimo yanayojulikana duniani ni karibu 200 tu. Mengine yameoshwa yakaisha, au yamefunikwa, au yako chini ya bahari.

Moja liko hapa Kongo, na wengi wetu hatukuwahi kulisikia shuleni. Linaitwa Luizi, juu ya nyanda za Kundelungu, Katanga. Upana wake ni kama kilomita 17. Mtu akitembea pale haoni shimo, anaona vilima na mabonde kama vilima vingine. Ukitazama picha zilizopigwa toka angani ndipo duara linaonekana, na ndani ya duara kuna pete nyingine ndogo. Mwaka 2010 mwanajiolojia Ludovic Ferrière na wenzake walikwenda mpaka pale kwa miguu, na mwaka 2011 walichapisha ushahidi kwamba ni jiwe la angani lililopiga. Ushahidi wenyewe si ile duara, maana volkeno nayo inaweza kufanya duara. Waliokota mawe yenye mistari inayotoka kwenye ncha moja na kufunguka kama ufagio, na wakatazama punje za mchanga wa mawe hayo kwa hadubini wakakuta zimepondwa ndani kwa namna ambayo volkeno haiwezi, wala tetemeko. Ni pigo la angani tu linaloweza kufanya vile. Lilikuja lini? Mawe yaliyopigwa yanaonyesha kwamba haliwezi kuwa la kabla ya miaka milioni 575 iliyopita. Zaidi ya hapo nafasi ni kubwa sana.

Sasa sikilizeni jambo lililotugusa. Mvua imekula Luizi kweli. Vifusi vilivyorushwa nje vimeondoka, kingo zimeshushwa, mito imepita katikati. Lakini mawe yale ya ufagio yalikuwa chini, ndani ya mwamba. Kama mvua isingekula ya juu, hakuna mtu angeyaokota. Kitu kilichoharibu shimo ndicho kilichofungua ushahidi wake. Kule Vredefort, Afrika Kusini, mambo yamekwenda mbali zaidi. Pigo la miaka karibu bilioni 2 iliyopita lilikuwa kubwa mno, na tangu hapo mmomonyoko umeondoa kilomita kadhaa za mwamba toka juu, mpaka shimo lenyewe halipo. Kilichobaki ni mzizi wake, vilima vilivyokaa nusu duara. Tena wanajiolojia wanasema pigo lile lilizamisha matabaka yenye dhahabu ya Witwatersrand, na kwa kuzama yakaokoka, hayakuoshwa. Hata dhahabu ilibaki kwa kuzikwa.

Na kule Ghana kuna ziwa Bosumtwi, ndani ya shimo la upana wa kilomita 10 na nusu, lenye umri wa miaka milioni moja na kidogo. Udongo unaooshwa kwenye kingo unalala chini ya maji, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2004 walitoboa chini ya ziwa lile na kutoa matope ya muda wote huo, na ndani yake wanasoma miaka ya mvua na miaka ya ukame. Mwalimu wetu alisema kwa mkato: udongo unaoibwa juu haupotei, umehama tu. Nasi tuliorudi tulicheka, maana ni habari yetu.

Lakini tuache mawe, twende kwa watu.

Wanachama waliotoka Bukama na Malemba-Nkulu wanajua ziwa Kisale na yale mabwawa ya Lualaba yanayoitwa Upemba. Pale Sanga, kando ya Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba mwaka 1957 na 1958, halafu Pierre de Maret akaendelea katika miaka ya 1970, hapo na mahali pengine karibu. Walikuta makaburi mengi, na ndani yake vyungu vizuri sana, shoka za heshima, vito vya shaba, pembe za ndovu zilizochongwa, nyundo na mafuawe ya wahunzi. Zama wanazoziita za Kisale zilianza karibu karne ya 8, na zikashamiri mpaka karne ya 13. Baadaye, katika makaburi ya zama zilizofuata, unakuta misalaba midogo ya shaba iliyowekwa kwenye mikono au kiunoni mwa maiti. Shaba yenyewe ilitoka mbali, kusini, kwenye machimbo ya Katanga. Misalaba inavyozidi kuwa midogo na ya kulingana, ndivyo inavyoonekana ilianza kutumika kama pesa. Wale wanaosema nchi yetu haikujua biashara kabla ya wageni, tuwapeleke Sanga.

Wajukuu wa watu wale ndio Waluba. Shoka za heshima zilizokuwa kaburini zaidi ya miaka 1000 iliyopita ni ndugu wa shoka walizobeba wakubwa wa Kiluba mpaka nyakati za jana.

Lakini angalieni upungufu wake. Karibu yote tunayojua juu ya watu wale yanatoka makaburini. Nyumba zao, masoko yao, mitumbwi yao, nyavu zao, hata viti vyao vya mti, vimekwisha. Miti na nyasi katika nchi ya mvua na mchwa havidumu. Kaburi lilichimbwa chini, likafunikwa siku ileile, basi likalindwa. Nyumba ilisimama juu, ikaliwa. Tena vijiji vya leo vimekaa palepale, juu ya makaburi yale, kwa kuwa sehemu kavu katikati ya mabwawa ni chache, na mtu wa leo anahitaji mahali pakavu kama yule wa zamani. Mtu akichimba msingi wa nyumba au choo anaweza kutoboa karne ya 10 bila kujua. Kwa hiyo tunawafahamu wafu wa Kisale kuliko tunavyofahamu walio hai wa wakati ule. Tunajua mtoto alizikwa na vyungu vidogo vya kipimo chake. Hatujui mama yake alilala kwenye nyumba ya namna gani.

Kaskazini, katika Kivu ya Kaskazini, kuna Ishango. Ni pale mto Semliki unapotoka kwenye ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale na kukuta mahali walipokaa wavuvi wa zamani sana: mifupa ya samaki, ncha za mikuki ya kuvulia zilizochongwa toka mfupa, na kile kijiti cha mfupa kilichofanya jina la Ishango lijulikane dunia nzima. Kina urefu wa kama sentimita 10, kwenye ncha yake kumebanwa kipande cha jiwe la kwarzi, na kwenye mbavu zake kuna mikato iliyopangwa kwa safu tatu. Ukihesabu safu moja unapata 11, 13, 17, 19. Safu nyingine ni 11, 21, 19, 9. Zote mbili zinatoa jumla ya 60. Ile ya tatu inatoa 48. Wengine wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni siku za mwezi, wengine wanasema ni mikato ya kushikia tu ili mkono usiteleze. Umri wake ni kama miaka 20,000. Kiko Brussels, katika jumba la sayansi za viumbe. Juu ya hilo kila mwanachama ana maneno yake, tuyaache kwa mkutano.

Namna gani mfupa wa miaka 20,000 unabaki katika nchi kama yetu? Kwanza ulifunikwa na matope na mchanga wa ziwa. Halafu, ng'ambo ya ziwa, upande wa Katwe huko Uganda, kuna mashimo mengi ya volkeno yaliyolipuka, na majivu yake yaliruka mpaka huku na kulala juu ya matabaka ya Ishango kama kifuniko. Kwa hiyo yale mashimo ya Katwe, yaliyokuwa balaa kwa waliokuwa hai, yaliwatunzia wafu vitu vyao. Tatu, ni mto. Semliki unakata kingo zake, na kwenye kingo hizo matabaka yanaonekana kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa ubavuni. Mashariki ya Kongo watu wamechimba mahali pachache. Pale mto ulikuwa umeshachimba.

Kilomita chache chini ya hapo, mahali panapoitwa Katanda, Alison Brooks, John Yellen na wenzao walikuta ncha za mifupa zenye meno pembeni, za kuchomea kambare wakubwa. Mwaka 1995 walitangaza kwamba zina umri wa miaka 90,000 hivi. Wataalamu walibishana sana, maana kule Ulaya vitu vya namna ile vilikuja makumi ya maelfu ya miaka baadaye. Basi uvuvi wa kambare kwa mkuki si jambo la jana katika nchi hii. Lakini mto uleule unaofungua kurasa unazirarua. Kila gharika inapeleka kipande cha ukingo, na kitu kilichokuwa ndani kinakwenda na maji kama hakuna mtu aliyekiona. Kinachookoka ni kile kilichofunuliwa wakati kuna mtu anayetazama.

Sasa tuje kwenye ziwa letu wenyewe, maana hapa pia kuna historia ambayo wazee walituambia kwa namna yao, na vitabu vinakubaliana nao.

Wengi wenu mlikaa Kigoma, au mlipita pale mkienda kambini, na wengine mlipandia pale meli ya Mwongozo mwaka 2005 na iliyofuata, mkirudi Baraka. Basi mnaijua Ujiji na ule mnara wa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Leo toka pale mpaka majini ni mwendo. Zamani zile maji yalikuwa karibu zaidi. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, pale Kalemie. Karne ya 19 mlango ule ulizibwa na mchanga, matope na majani. Cameron alipofika mwaka 1874 alikuta majani yamefunga njia. Mvua ilikuwa inajaza, mlango umefungwa, ziwa likapanda. Karibu mwaka 1878 maji yakapita juu ya kizibo na kuanza kukikata. Erozio, ndugu zetu, ileile ya kwetu, lakini ya ziwa zima. Mwaka 1879 Edward Hore, mmisionari, aliona Lukuga unakimbia kwa nguvu kuelekea Lualaba. Katika miaka kama kumi na tano ziwa lilishuka karibu mita 10.

Maana yake ni kwamba sehemu za chini kabisa za tambarare kando ya ziwa, ambazo leo watu wanashikana mashati juu yake, wakati wa babu za babu zetu zilikuwa chini ya maji. Mtu akisimama kwenye kesi akasema "hapa mababu zangu walilima tangu mwanzo", tunamsikiliza kwa heshima. Lakini kama parsele iko hatua hamsini toka ufukweni, mababu walikuwa na samaki tu pale. Na tangu 2020 ziwa limepanda tena na kuingia katika nyumba za Baraka, Uvira na Kalemie, kana kwamba linadai parsele yake. Lenyewe halina dokima.

Baada ya safari hiyo yote tulirudi kwenye ukuta mwekundu wa mama, na jibu lilikuwa chungu.

Ukuta wa matete na udongo, ukiachwa bila paa, unarudi kuwa udongo katika misimu michache. Wanachama waliokaa Lugufu wanajua. Kambi ile ilifungwa mwaka 2009, na wenzetu waliopita kule baadaye walisema sehemu nyingi huoni tena kama watu maelfu walikaa pale miaka zaidi ya kumi. Tofali zetu mbichi zimeyeyuka. Miembe tuliyopanda ndiyo inayosema. Nyumba ya mama haikuyeyuka kwa sababu ilichomwa. Moto wa nyasi za paa na wa matete uliivisha udongo wa ukuta mpaka ukawa tofali. Halafu mvua za miaka iliyofuata zikaleta udongo toka kilimani, mahali ambapo hakuna tena aliyelima makingo, zikafunika kila kitu mpaka goti. Wachimbaji wa mambo ya kale wanalijua jambo hili: nyumba zinazopatikana mara nyingi ni zile zilizoungua. Waliochoma walitaka pasibaki kitu. Ni sehemu waliyochoma ndiyo iliyobaki, na nyumba za majirani waliokimbia bila kuchomewa hazionekani hata kidogo.

Hatuandiki hivi kusema moto ulikuwa mwema. Mama mwenyewe alipoelezwa alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama mvua ingechelewa mwaka mmoja, sisi tungekuwa tumeshamwandikia kwamba ameshindwa. Hatukumjibu vizuri.

Kesi imekwisha hivi. Shefu wa lokalite aliita pande zote mbili na wazee. Familia inayokaa pale ilikubali kwamba nyumba ya mama ilikuwa pale, baba wa familia alisema kwa mdomo wake kwamba hawezi kubishana na mafiga. Mama naye alisema hawezi kufukuza watoto waliozaliwa juu ya majivu yake bila kujua. Sehemu ya chini, toka shimo mpaka njia, imerudi kwake. Ile ya juu imebaki kwa familia, na wameandikiana karatasi, na komite imeweka nakala. Si kila mtu alifurahi. Mtoto mkubwa wa mama anaona mama yake alitoa mno.

Kuna kesi nyingine ambayo hatukuiwahi. Familia moja ilikuwa na makaburi manne kando ya mto, na ndiyo alama pekee ya shamba lao. Walituomba twende kuyaandika. Tulisema tutakwenda baada ya mavuno. Mto ukajaa kabla, ukala ukingo. Hatukukuta hata jiwe. Wale waliopoteza watu Uvira usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, na ndugu wa Kalehe, ambako mwezi wa Mei 2023 Bushushu na Nyamukubi zilizolewa na zaidi ya watu 400 walikufa, wanajua maji yanachukua nini. Sisi tulipoteza makaburi tu, lakini familia ile mpaka leo haina cha kuonyesha, na kosa la kuchelewa ni letu.

Kwa hiyo komite imepanga kazi kabla mvua haijarudi mwezi wa Septemba. Kwa mchango wa marafiki tumenunua kamba ya kupimia, madaftari na betri za simu ya kupigia picha. Timu itapita kwanza kwenye makaburi yaliyo karibu na mito na ufukwe, halafu kwenye misingi ya nyumba za zamani iliyo kwenye miteremko. Pale panapofaa tutapanda minyaa kwenye mipaka na matete juu ya shimo ili lisiendelee kula. Familia zinaombwa kuleta mzee mmoja anayejua mahali, na mtu mmoja wa upande mwingine kama kuna kesi, ili isisemwe kwamba tuliandika kwa siri. Mkikuta vyungu vya kale, vyuma, au mifupa, msivitoe. Pigeni picha, funikeni, tuiteni. Mwanachama mmoja alitaka kuuza gurudumu la mashini kwa wanaonunua vyuma chakavu, tukamkataza.

Gurudumu limebaki kwa mama. Kipande kimoja cha ukuta kiko kwenye biro ya chama, ndani ya katoni ya sabuni, na alama za matete zinaonekana vizuri. Atakayetaka kukiona aje siku ya mkutano, saa nane, kabla ya kuhesabu michango.